Pale Haba na Haba Inapoishia

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili 2⁵ aitafutie jibu, na mara nyingi ataandika 10. Si uvivu. Tangu madarasa ya chini amezoea kwamba namba mbili zikikaa jirani lazima zifanyiwe jambo, na jambo analolimudu ni kuzidisha. Anaiona 2, anaiona 5, anazizidisha, anapigia jibu mstari, anafunga daftari. Jibu ni 32. Kosa linaonekana dogo, kwa hiyo nampa 2¹⁰. Anasema 20, jibu ni 1,024. Nampa 2²⁰. Anasema 40, jibu linazidi milioni moja. Hapo darasa hunyamaza, halafu mmoja wa viti vya nyuma husema, "Mwalimu, hiyo siyo hesabu tena, huo ni uchawi."

Nimefundisha vipeo Bukoba mjini, nimefundisha vipeo Muleba, na jibu la 10 nimelikuta kote. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jibu hilo si la watoto. Ni letu sote. Tumelelewa kwa methali isemayo haba na haba hujaza kibaba, methali ya kweli, iliyojenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi. Lakini haba na haba ni kujumlisha. Leo konzi, kesho konzi. Aliyejaza nusu ya kibaba kwa siku kumi anajua zimebaki kumi nyingine. Yapo mambo hayaendi hivyo. Jambo linalojirudufu kila siku, likifika nusu ya kibaba leo, kesho kibaba kimejaa na keshokutwa limemwagika sakafuni. Mtu aliyezoea kujumlisha, akiona nusu, hujiambia bado ana siku kumi.

Kwa hiyo mada ninayoifundisha kila mwaka, ambayo wazazi wengi wanaiona ni ya kupitia tu kabla ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, naiona ndiyo mada iliyo karibu zaidi na historia ya wilaya zetu. Nitaeleza kwa nini, na nitaanzia ubaoni.

Kanuni zenyewe ni chache, zinaenea nusu ukurasa. Ukizidisha namba zenye msingi mmoja, jumlisha vipeo. Ukigawanya, toa. Kipeo kikipandishiwa kipeo kingine, zidisha. Namba yoyote isiyo sifuri, ikiwa na kipeo cha sifuri, ni moja. Kipeo hasi kinaipindua namba: moja kugawanywa kwa namba ileile yenye kipeo chanya. Mwanafunzi anaweza kuzikariri jioni moja na kuzitoa zote asubuhi bila kukosea neno. Kisha anakutana na 2³ × 3² na kuandika 6⁵, au anakutana na 2³ + 2² na kuandika 2⁵, kwa sababu kanuni aliyoikariri haikumwambia imetoka wapi wala inakomea wapi.

Ndiyo maana katika vipindi vya mwanzo sitaki kuona kanuni ubaoni wala daftarini. Nataka waandike kwa kirefu. 2³ × 2² ni nini? Andika: 2 × 2 × 2, halafu × 2 × 2. Hesabu mbili zako. Ni tano. Basi ni 2⁵. Fanya nyingine. Fanya na 7, fanya na 10, fanya na herufi. Mkono ukianza kuchoka, mwanafunzi mwenyewe huuliza kama hakuna njia ya mkato, na hapo ndipo kanuni inapozaliwa, tena inazaliwa mdomoni mwake. Huyo hawezi kuandika 6⁵ kirahisi, maana akiandika kwa kirefu anaona mbili tatu na tatu mbili zimekaa mstari mmoja bila kufanana.

Njia hii inakula muda, na muda ndio kitu ambacho mwalimu wa Hisabati hana. Darasa limejaa, muhtasari unamkimbiza, na mtoto aliyehesabu kwa Kiswahili kwa miaka saba, wakati nyumbani anazungumza Kihaya, sekondari anakuta kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza. Matokeo tunayajua. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, kati ya watahiniwa watano wa Hisabati, aliyefaulu alikuwa karibu mmoja tu. Ukiwa na darasa lenye hofu kiasi hicho, kishawishi cha kuwapa kanuni wazikariri ni kikubwa. Bado naamini kipindi kimoja cha kuandika kwa kirefu huokoa vipindi vingi vya kurudia.

Na hapo ndipo lilipo somo la kwanza la maisha nililolipata kwenye vipeo: kanuni ni kumbukumbu ya watu waliohesabu kwa kirefu, wakachoka, wakafupisha. Ukiirithi bila kuhesabu, unashika ufupisho wa kitu usichokijua. Nenda kwenye kibanja chochote kilichotunzwa vizuri, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba. Utakuta shina la mgomba limeachiwa mimea mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine yameng'olewa. Kijana wa leo anajua ndiyo kanuni, wazee wamesema. Lakini muulize kwa nini tatu, atakwambia, "Ndivyo tulivyokuta."

Basi tunaandika kwa kirefu. Chukua mgomba mmoja. Tuseme kila mgomba hutoa machipukizi matatu kwa mwaka na yote yanaachwa, na tuhesabu chipukizi za kila mwaka peke yake. Kutoka 1 zinakuja 3, kutoka 3 zinakuja 9, kutoka 9 zinakuja 27, kutoka 27 zinakuja 81. Hilo ni 3⁴, mwaka wa nne tu. Kabla ya kufika huko shina limeshakuwa kichaka: kila mmea unamnyang'anya mwenzake maji, mbolea na jua, na mikungu inakuwa myembamba isiyofaa kupelekwa sokoni. Mkulima aliyeanzisha kanuni ya mama, mtoto na mjukuu hakuwahi kuandika kipeo, lakini alikuwa ameona 81 kwa macho yake. Wanafunzi wangu wanapofika hapo huacha kuniangalia mimi na kuanza kuangaliana wao kwa wao, maana hesabu imewakuta nyumbani.

Baada ya migomba, nawapeleka Kashasha.

Kashasha iko Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni iliyokuwa pale walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kicheko kilichanganyika na kilio, kikakatika, kikarudi. Wengine kiliwashika kwa saa chache, wengine kwa siku nyingi. Walimu hakikuwagusa. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Madaktari Rankin na Philip waliochunguza tukio hilo na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963 hawakukuta sumu wala kirusi. Walipendekeza kwamba ilikuwa histeria ya kundi, hali inayoambukizana bila kijidudu.

Huko nje watu wanaisimulia habari hii kama kichekesho. Sisi tunaifungulia daftari. Watatu wakawa tisini na tano. Anza na 3, zidisha kwa 2: 6. Tena: 12. Tena: 24. Tena: 48. Tena: 96. Mara tano tu. Kwa maneno ya ubaoni, 3 × 2⁵ ni 96, na taarifa inasema 95. Kutoka 30 Januari hadi 18 Machi ni siku 47. Zigawe kwa hatua tano, unapata siku tisa na ushee kwa kila hatua. Siwaambii wanafunzi kwamba kicheko kilitembea kwa hatua zilizopimwa hivyo, maana watu si namba. Nawaambia kwamba kujirudufu mara tano kunatosha kuifunga shule nzima, na kwamba katika siku tisa za kwanza mtu angeona wasichana watatu wamekuwa sita na kusema hakuna la kutisha.

Kisha nawauliza hatua ya sita. Wanajibu upesi: 192. Kuna mmoja huwahi kunyoosha mkono kabla sijaandika: "Lakini, mwalimu, shule ina wanafunzi 159." Hapo nafurahi, kwa sababu kipeo kina dari. Daftarini kinapanda bila mwisho. Duniani kinagonga ukuta wa idadi ya watu, ya ardhi, ya fedha. Kikigonga, ama kinapungua kasi, ama kinatafuta nyumba nyingine. Kicheko cha Kashasha kilitafuta nyumba nyingine. Wasichana walirudishwa makwao, na kati ya Aprili na Mei watu 217 katika kijiji cha Nshamba walipatwa, wengi wao vijana. Shule ilipofunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana 57 walipatwa, na ikabidi ifungwe kwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Mwezi huohuo wa Juni, huko Ramashenye, karibu na Bukoba, shule nyingine ya wasichana ilikuwa na wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154.

Msichana mmoja wa Muleba aliniuliza swali ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha Hisabati: "Kama wale watatu wangekaa pembeni siku ileile, wangepona wangapi?" Nilimrudishia swali darasa zima. Tukaligawanya: 96 kwa 3 ni 32. Anayemshughulikia mmoja siku ya kwanza anamaliza kazi ya watu 32 ya mwezi na nusu unaofuata. Akichelewa hatua moja, kazi imekuwa mara mbili. Akichelewa hatua mbili, mara nne. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hii ndiyo methali ya vipeo, ingawa haikutaja ufa unakwenda kwa kasi gani. Kasi hiyo ndiyo tunayoihesabu.

Bukoba tumewahi kutajiwa kipeo redioni bila kukitambua. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika, watu wasiopungua 17 wakafariki, maelfu wakabaki bila nyumba, na majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Tuliambiwa ukubwa wa tetemeko ni 5.9. Watu wakasema, ah, kumbe haikufika hata 6. Lakini namba hizo haziendi kwa kujumlisha. Kupanda hatua moja, kutoka 5.9 hadi 6.9, nishati inayotoka ardhini inaongezeka takriban mara 32. Ukipanda hatua mbili si 64. Ni 32 mara 32, karibu 1,000. Kila hatua ni 10 yenye kipeo cha 1.5, na ukizidisha mbili vipeo vinajumlishwa, unapata 10³. Kanuni ileile ya kwanza ubaoni. Masikio yetu yalisikia ongezeko la moja, wakati ardhi ilikuwa inazidisha.

Kanuni ya kugawanya tunaifundisha kwa mnyauko. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulithibitika Muleba, na kutoka hapo ukasambaa mkoani na kwingineko. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shina ukilikata linatoa uteute wa manjano. Dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa haipo. Wadudu wanaolizuru ua dume huubeba, na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mgomba mzima huubeba pia. Kwa hiyo mabwana shamba walisisitiza mambo ambayo kwa mtazamo wa kujumlisha yanaonekana ya ajabu: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, pitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, ng'oa mgomba ulioambukizwa na uuzike.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima aliyekipenda kibanja chake kuliko chochote, alisimama mbele ya mgomba mmoja ulioanza kunyauka na mkungu wake ungali juu. "Mwalimu," akaniambia, "huu ni mmoja tu. Nisubiri nivune kwanza, ndipo niung'oe." Nilimjibu, "Mzee, unaouona ni mmoja, lakini nyuma yake ipo mingine ambayo haijanyauka bado." Aliufikiria mkungu, akaufikiria mgomba wa jirani yake, akachukua jembe. Kugawanya katika vipeo ndiko huko. 2⁵ gawanya kwa 2² ni 2³: ukiondoa hatua mbili za mwanzo, hukupunguza nne kutoka 32 ukabaki na 28. Umebaki na 8. Anayeondoa mmoja mwanzoni anauondoa pamoja na uzao wake wote.

Tukiendelea kugawanya tunafika mahali ambapo darasa zima hubisha. 2³ ni 8. Gawanya kwa 2: 2² ni 4. Gawanya tena: 2¹ ni 2. Gawanya tena: kipeo kimekuwa 0, na jibu ni 1. Wanafunzi wanataka liwe 0. Wanasema, mwalimu, kama hakuna mbili hata moja, iweje kuna kitu? Nawaambia wafuate ngazi wenyewe: 8, 4, 2, halafu? Hakuna atakayethubutu kusema 0 akiziona zimepangwa. Kipeo cha sifuri maana yake hujazidisha bado, na ambaye hajazidisha anayo ile moja ya kuanzia. Nina wanafunzi wanaoingia kidato cha pili wakiwa wamepata sifuri kwenye majaribio mengi mfululizo na wanaamini hivyo ndivyo walivyo. Siwapi hotuba. Nawaonyesha hii ngazi, nawaambia kwamba sifuri iliyoko juu na sifuri iliyoko chini ni vitu viwili tofauti, na mtu ambaye hajaanza yuko kwenye ile ya juu. Baadhi huondoka bila kushawishika. Wengine hurudi na swali la nyongeza, na kwa mwalimu hilo si haba.

Ukishuka chini ya hapo unakuta nusu, robo, thumuni: 2⁻¹, 2⁻², 2⁻³. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo ningetaka kila mtu wa mkoa wetu wa Kagera alielewe, hata asiyewahi kukaa darasani. Tunaogopa namba ya juu, yaani kipeo, kwa sababu ndiyo inayobadilika mbele ya macho yetu. Lakini hatima yote inaamuliwa na namba ya chini, yaani msingi. Ikiwa zaidi ya moja, kila hatua inaongeza. Ikiwa moja kamili, kila hatua inaacha mambo yalivyo. Ikiwa chini ya moja, hatua zilezile zilizokuwa zinatutisha zinaanza kutufanyia kazi.

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu katika wilaya ya Bukoba ni Marburg. Walipatikana wagonjwa tisa na sita kati yao walifariki. Wengi wetu tulikumbuka habari za Ebola Afrika Magharibi, tukahesabu kwa hofu. Lakini kilichofanyika ni kuishughulikia namba ya chini. Waliokaribiana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kila siku kwa siku 21, wagonjwa walitengwa, mazishi yakafanywa kwa tahadhari, na watu wakaacha kushikana mikono, jambo gumu sana kwetu. Mgonjwa mmoja akiambukiza wawili, 2 inakuwa 4, 4 inakuwa 8. Wagonjwa wawili kwa pamoja wakiambukiza mtu mmoja tu, namba ya chini ni nusu: wanane wanazaa wanne, wanne wawili, wawili mmoja, kisha mnyororo unakatika. Zikahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Haikuhitajika namba ya chini iwe sifuri. Ilitosha ishuke chini ya moja na ibaki huko.

Kwa UKIMWI safari ilikuwa ndefu na ya machozi. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watatu tena. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu robo ya watu wazima walikuwa na virusi. Mwaka 1996 walikuwa takriban 13 katika kila 100. Sehemu ya kushuka huko ni makaburi, na siwezi kulisema vinginevyo mbele ya watoto ambao wazazi wao wamelelewa na bibi zao. Lakini sehemu nyingine ni watu waliobadili mwenendo, wakasema mambo yasiyokuwa yakisemwa mezani, na kwa uamuzi wa nyumba moja moja wakaivuta namba ya chini kuelekea chini. Hakuna aliyeona athari ya uamuzi wake peke yake. Namba ya chini haionekani kwa aliye ndani yake.

Fedha ndizo zinazowaamsha wanafunzi wanaosinzia. Mwaka 2009 nchi nzima iliizungumza DECI, mpango ambao wanachama walikuwa "wanapanda" fedha ili "wavune" zaidi, mavuno ya waliotangulia yakitoka kwenye mbegu za wanaofuata. Tunahesabu: kama kila mmoja lazima alete wawili, hatua ya 26 peke yake inahitaji watu 67,108,864. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Dari ile ya Kashasha inarudi, safari hii kwa nchi nzima. Hakuna haja ya kuchunguza kama waliouanzisha mpango wa namna hiyo ni waaminifu au si waaminifu. Hesabu yenyewe inasema watu wataisha, na watakaoumia ni walioingia mwishoni, ambao ndio wengi kuliko wote waliotangulia wakijumlishwa pamoja.

Halafu kuna mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo mama wa sokoni anaichukua asubuhi bila kujaza fomu ndefu. Anaambiwa asilimia 20 kwa mwezi. Anajumlisha kichwani: nimekopa shilingi 100,000, kila mwezi 20,000, kwa mwaka riba ni 240,000. Ghali, lakini inabebeka. Kumbe riba isiyolipwa inaingia ndani ya deni na nayo inazaa. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.2, na 1.2 kwa kipeo cha 12 ni karibu 8.9. Mwisho wa mwaka anadaiwa zaidi ya 890,000. Mkopeshaji na mkopaji walikubaliana namba moja, ila mmoja alikuwa anajumlisha na mwenzake anazidisha.

Sisemi tuitupe haba na haba. Nyumba bado inajengwa tofali kwa tofali, na Hisabati yenyewe inajifunzwa swali kwa swali. Mwanafunzi anayengoja uelewa wake ujirudufu usiku mmoja atangoja sana. Ninachokitaka ni swali moja litangulie kabla ya hofu na kabla ya tamaa: jambo hili linajumlishwa au linazidishwa? Likiwa la kujumlishwa, lipe subira. Likiwa la kuzidishwa, tazama namba yake ya chini leo, maana kesho bei itakuwa nyingine.

Mwishoni mwa mada huwa natoa zoezi lisilo kitabuni. Nendeni nyumbani, mtafute kitu kimoja kinachojizidisha, mkiandike kwa kirefu. Wengine huleta machipukizi, wengine kuku, wengine uvumi uliotoka kisimani na kufika kanisani kabla ya misa. Mvulana mmoja aliandika deni la mama yake. Alipanga mistari: 100,000, 120,000, 144,000. Mstari wa tatu ulikuwa wa mwisho. Chini yake akaeleza kwamba alimwonyesha mama hesabu ya kubuni hadi mwezi wa kumi na mbili, mama akaitazama, akauza mbuzi na kulipa mwezi wa pili. Hakutaja kanuni yoyote ya vipeo, wala hakuandika alama ya kipeo mahali popote. Nilimpa alama zote.